Fundi Umeme Anajibu: Rilei ya pampu imekufa, niunge dairekti?

SWALI: Shikamoo fundi. Pikipiki yangu ni ya injekta, si ya kabureta. Ikishapata moto inazima ghafla, haikohoi wala haipungui nguvu, ni kama mtu kazima swichi. Nikiipumzisha inawaka na kwenda vizuri, halafu inarudia mchezo uleule. Nimegundua kwamba inapogoma, ule mlio mdogo unaotoka kwenye tangi nikifungua ufunguo haupo. Nikigonga kwa kidole rilei iliyo chini ya kiti, mlio unarudi. Fundi mmoja ananiambia nisihangaike: akate nyaya mbili nene za rilei, azisokote pamoja, azungushie tepu, basi. Rafiki yangu naye ananitisha kwamba nitaungua nikiwa juu ya pikipiki. Nimsikilize nani? Na kama inawezekana kuunga, ni nyaya zipi hasa? Mita ninayo na kuitumia najua kidogo.
Aliyechoka Kusukuma

JIBU: Marahaba kijana wangu. Nusu ya kazi umeshaifanya kwa masikio yako. Barua nyingi ninazopokea huanza na "nimebadilisha pampu, nimebadilisha plagi, nimebadilisha betri", na mwenye barua hajasikiliza chochote.

Huo mlio una habari nyingi. Ukifungua ufunguo, kompyuta ya pikipiki inaiamuru rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ishike kwa sekunde 2 au 3 ili pampu ijaze presha kwenye mpira wa mafuta, ambayo kwa pikipiki nyingi ni kiasi cha kilopaskali 300. Kisha rilei inaachia na pampu inanyamaza. Itashika tena pale tu sensa ya krenki itakapoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Kwa hiyo pikipiki inayozima ikiwa moto na kuwaka ikipoa ina watuhumiwa kadhaa, na mlio ndio unaowatenganisha. Sensa ya krenki ikifa kwa joto, mlio wa ufunguo utausikia kama kawaida, ila utapiga stata mpaka uchoke. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba, pampu bado italia, na ukifungua kifuniko utasikia hewa ikivutwa kuingia ndani. Mlio ukikosekana kabisa na kurudi kwa kugongwa, mimi naenda kwenye rilei. Au kwenye soketi yake! Teminali iliyolegea nayo hurudisha uhai ikigongwa, na mtu hununua rilei mpya bure. Ichomoe, angalia miguu yake na matundu ya soketi kwa tochi. Ukiona weusi wa kuungua, ukijani wa kutu au plastiki iliyoyeyuka, shughulikia soketi kwanza.

Sasa kuhusu kuiruka rilei, yaani kuunga nyaya zake mbili nene moja kwa moja. Inawezekana, na mimi naifanya karibu kila ninapoletewa pikipiki isiyosukuma mafuta. Lakini naifanya kama kipimo, na njiani kama njia ya kufika nyumbani. Fundi anayekata na kusokota anachukua kipimo na kukifanya matengenezo, na hapo ndipo ninapoachana naye.

Nyaya zipi? Rilei ya miguu minne ina vitu viwili ndani: koili ndogo, na pointi nzito ambazo koili huzivuta zigusane. Rilei nyingi zimepigwa namba kwa mpangilio wa Kijerumani wa DIN 72552. Namba 30 ni moto (umeme wa chanya) unaotoka kwenye betri kupitia fyuzi, namba 87 ni moto unaokwenda kwenye pampu, na 85 na 86 ni ncha mbili za koili. Kama ipo ya tano iliyoandikwa 87a, iache. Hiyo hugusana na 30 rilei ikiwa imelala.

Lakini rilei nyingi za pikipiki hazina namba, na hapo mita yako itakula kazi. Pima ukinzani kati ya miguu, miwili miwili, rilei ikiwa mkononi. Jozi itakayosoma kati ya omu 50 na 120 hivi ndiyo koili. Miwili iliyobaki, ambayo kati yao hakuna njia kabisa, ndiyo pointi. Weka alama ya kalamu, kisha hamishia alama hizo kwenye soketi ukikumbuka kwamba soketi ukiitazama kwa mbele ni kinyume cha rilei ukiitazama kwa chini. Hapa ndipo watu wanapochoma kompyuta. Mguu mmoja wa koili huwa na moto, na mwingine unakwenda kwenye kompyuta, ambayo huivutia kwenye hasi inapotaka pampu ifanye kazi. Ukipeleka moto wa betri moja kwa moja kwenye waya huo wa kompyuta, siku itakapouvuta kwenye hasi itakuwa imejipiga shoti yenyewe, na kijitransista kilichozoea sehemu ndogo tu ya ampea moja hakitavumilia. Kwa hiyo hakikisha mara ya pili: kwenye soketi, ufunguo ukiwa wazi, moja ya nafasi mbili za pointi lazima isome volti za betri, na nyingine, ufunguo ukiwa umefungwa, isome omu chache tu kwenda kwenye bodi (chuma cha pikipiki, ambacho ni hasi), kwa sababu upande huo unakwenda kwenye mota ya pampu. Usichokipata kwa mita usikiunge kwa kubahatisha.

Ukiwa na uhakika, funga ufunguo, chomoa waya wa hasi wa betri, kisha chukua kipande cha waya wa milimita za mraba 1.5 chenye fyuzi yake katikati, ya ukubwa uleule wa fyuzi ya pampu, mara nyingi ampea 10 au 15. Ncha zake ziwe na teminali bapa zinazoingia kwenye soketi na kubana, si nyuzi za shaba zilizochomekwa na njiti ya kiberiti. Chomeka kwenye 30 na 87, rudisha hasi ya betri, fungua ufunguo. Sababu ya utaratibu huo ni cheche. Mvuke wa petroli hauhitaji mwaliko, na chini ya kiti uko hatua moja kutoka kwenye tangi. Kama unasikia harufu ya mafuta, usiunge kitu, tafuta panapovuja.

Pampu ikilia mfululizo, umejua kwamba fyuzi, waya na pampu viko hai. Tatizo liko kwenye rilei au kwenye kinachoiamuru. Isipolia, rilei hiyo unaionea, rudi kwenye fyuzi, plagi ya pampu na hasi yake.

Kabla hujamaliza kipimo hiki, nakuomba ufanye jambo moja ambalo mafundi wengi hawalifanyi. Funga ufunguo, na badala ya waya weka mita yako yenyewe kwenye 30 na 87, ikiwa upande wa ampea 10, waya mwekundu wa mita kwenye tundu lake la ampea. Fungua ufunguo usome, halafu ufunge; mita ndogo haipendi mkondo mkubwa kwa muda mrefu. Pampu nzima ya pikipiki huvuta kwa kawaida kati ya ampea 3 na 6, kutegemea ukubwa wake. Ikivuta zaidi ya hapo sana, chujio limeziba au mota inakaza, na hiyo ndiyo iliyoua rilei yako. Utaweka mpya leo na itakufa vilevile. Ndiyo maana huwa sifurahi mtu akiniambia "nimebadilisha rilei ya tatu hii". Rilei ya ampea 30 haifi kwa kubeba ampea 4. Inauawa na kitu: pampu nzito, maji, mtikisiko uliopasua risasi ya kuchomelea ndani, au chaji iliyopita kiasi. Washa injini, pima betri ikiwa kwenye mizunguko ya kati. Ukisoma zaidi ya volti 15, kidhibiti chaji chako ndicho kinachopika kila kitu.

Narudi kwa hao wawili wanaokuvuta mikono. Rafiki yako ametia chumvi. Hutaungua kwa sababu tu unaendesha na pampu imeungwa moja kwa moja. Injini ikiwa inazunguka, pampu ingekuwa inafanya kazi vilevile, na mafuta ya ziada hurudi kwenye tangi kupitia kidhibiti presha. Hatari inaanza injini inaposimama bila wewe kupenda. Pikipiki nyingi za injekta zina sensa ya kuanguka. Zikilala kiasi cha nyuzi 60 au zaidi, kompyuta inaachia rilei na pampu inakufa. Ukiiruka rilei, sensa itapiga kelele bure. Uko chini, ufunguo uko wazi, labda mguu wako uko chini ya pikipiki, mpira umechomoka, na pampu inamimina petroli kwa presha karibu na bomba la moshi. Hiyo ndiyo sura ambayo rafiki yako alitaka kukuonyesha, ila alikosea wakati wake.

Kuna na hasara ndogo ndogo. Ukisahau ufunguo wazi, pampu ya ampea 4 inaweza kumaliza betri ya ampea-saa 8 ndani ya saa 2, na stata itakukatalia mapema kuliko hapo. Kama injekta inavuja kidogo, presha isiyokatika itadondosha petroli kwenye silinda injini ikiwa imezima, na petroli hiyo huteremka kwenye oili. Ukisikia oili inanuka petroli, imwage. Na kwenye baadhi ya pikipiki moto wa 30 hautoki kwenye ufunguo, unatoka betri moja kwa moja. Hapo hata ukifunga ufunguo pampu inaendelea, na itabidi uchomoe waya kila unaposimama.

Kwa hiyo ukikwama njiani, ruka, nenda taratibu, usipite njia za milima na kona kali kama kuna nyingine, na ukisimama chomoa. Ukifika, toa.

Ninachokushauri hasa ni hiki. Kama rilei yenyewe ya pikipiki yako haipatikani, usiondoe rilei. Iruke ile mbovu kwa kuweka rilei nyingine. Rilei ya kawaida ya gari ya miguu minne, volti 12, ampea 30, inafanya kazi hii bila shida. Fungua ile iliyokufa, toa matumbo yake, bakiza kitako chenye miguu. Chomelea nyaya nne kwenye miguu hiyo, mbili nene za pointi na mbili nyembamba za koili, uzipeleke kwenye soketi ya rilei mpya: pointi kwenye 30 na 87, koili kwenye 86 na 85, huku 86 ikipata upande wenye moto. Sasa kitako kile cha zamani ni plagi yako. Hakuna waya wa pikipiki uliokatwa, kompyuta inaamuru kama zamani, sensa ya kuanguka inafanya kazi yake, na siku ukipata rilei halisi unachomoa na kuchomeka.

Chagua yenye dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au rezista ndani sambamba na koili. Koili inapoachia hurusha mshituko wa umeme unaoweza kupita volti 100, na kompyuta ndiyo inayoupokea. Kama ni ya dayodi, usigeuze 85 na 86, maana dayodi iliyogeuzwa ni shoti. Usichukue pia yale marilei mazito ya stata kwa kudhani makubwa ndiyo imara. Koili zao huvuta mkondo mwingi kuliko kompyuta ilivyopangiwa. Ifunge miguu ikitazama chini ili maji yasikae ndani, mbali na bomba la moshi, na isining'inie kwenye nyaya zake.

Mwisho, kabla ya kununua chochote, tazama kama pikipiki yako ina rilei nyingine inayofanana kabisa, ya feni au ya taa kubwa. Zibadilishane nafasi, uendeshe mpaka ipate moto. Ugonjwa ukihamia kwenye feni au taa, umepata jibu bila gharama. Kwenye baadhi ya pikipiki za Yamaha njia hii haipo, kwa sababu rilei ya pampu imewekwa kwenye kiboksi kimoja na ile ya kuzuia stata, chenye miguu mingi. Hapo usianze kuchomeka waya bila mchoro wa umeme wa pikipiki hiyohiyo.

SWALI: Fundi, yangu ni ya kabureta lakini ina pampu ndogo ya umeme kwa sababu tangi liko chini. Je, maelezo ya kuruka rilei ni yaleyale?
Msomaji wa Kimya

JIBU: Kwa kipimo ni yaleyale, ila uangalizi ni tofauti. Pampu yako ni ya presha ndogo, na rilei yake mara nyingi haiamriwi na kompyuta ya injekta. Inasubiri mipigo ya umeme wa plagi. Injini ikizunguka, mipigo inakuja, rilei inashika. Rilei za namna hii zina saketi ndani, si koili tupu, kwa hiyo ukipima omu utapata namba zisizoeleweka. Usizitafsiri. Tafuta waya wa moto na waya wa pampu kwenye mchoro, uunge hizo mbili tu. Na hii mbinu yangu ya kuweka rilei ya gari haikufai.

Ukiruka, kinachozuia mafuta yasifurike ni sindano ya boya ndani ya kabureta peke yake. Sindano ikiwa imelika au kuna kichanga, kabureta itajaa, petroli itamwagika nje au, vibaya zaidi, itaingia kwenye silinda. Silinda iliyojaa kimiminika haibanwi. Ukipiga stata hapo unaweza kupinda konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Kwa hiyo baada ya kuunga, simama dakika moja usikilize: pampu nyingi za aina hii hugonga haraka, kisha hupunguza au kunyamaza kabureta ikijaa. Isiponyamaza, funga ufunguo na utafute mafuta yanakwenda wapi.

SWALI: Fundi, pole na kazi. Niliponunua pikipiki hii nilikuta pampu imeungwa kwenye waya wa taa kubwa, rilei haipo kabisa. Inakwenda, lakini nikiwasha taa kali usiku injini inakosa nguvu, na taa nayo imefifia. Mwenye kuiuza alisema ni kawaida. Ni kawaida?
Dada wa Helmeti Nyekundu

JIBU: Si kawaida, dada yangu. Aliyeunga alitaka moto unaokuja na ufunguo, akaukuta kwenye taa, akafurahi. Waya wa taa umepangiwa taa. Umeubebesha na pampu, na kila kiungo cha njia hiyo, kuanzia swichi ya mkononi mpaka plagi ya taa, sasa kinakula volti zake. Taa kali ikiwaka, pampu inabaki na makombo, inazunguka polepole, presha inashuka, na kompyuta isiyojua hilo inaendelea kufungua injekta kwa muda uleule. Mafuta yanapungua, injini inakonda.

Usiamini maneno yangu, pima. Weka mita kwenye volti, mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye waya wa moto wa pampu, injini ikiwa inaunguruma na taa kali ikiwaka. Unachosoma ni volti zinazopotea njiani. Chini ya nusu volti ningenyamaza. Nadhani utaona zaidi ya hapo, pengine zaidi ya volti 1. Kwenye pointi za rilei nzima, peke yake, isizidi 0.2.

Dawa ni kurudisha soketi na rilei: moto wa pampu utoke betri kupitia fyuzi yake, na koili iamriwe na kompyuta. Fuatilia waya wa amri. Kwa kawaida aliyeunga huuacha ukining'inia humohumo chini ya kiti, umefungwa tepu. Ukiukuta, thibitisha kwa taa ndogo ya majaribio ya LED isiyovuta mkondo mwingi, ncha moja kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye waya huo. Fungua ufunguo: ikiwaka sekunde 2 au 3 na kuzimika, ndio wenyewe. Isipowaka kabisa, usimlaumu mwenye kuunga haraka. Huenda aliunga kwenye taa kwa sababu amri ilikuwa imeshakufa, na hapo kazi ni ya kufuatilia swichi ya kuzima injini, sensa ya kuanguka na hatimaye kompyuta. Huku ukisubiri, usiendeshe usiku.

SWALI: Rilei yangu inalia "tik" kila nikifungua ufunguo, lakini pampu kimya. Si ina maana rilei ni nzima?
Mbishi

JIBU: Ina maana koili ni nzima. Pointi zinaweza kuwa zimeungua nyeusi na zinagusana bila kupitisha kitu. Unga waya wenye fyuzi kati ya 30 na 87 kama nilivyoeleza juu. Pampu ikilia, tupa rilei. Isipolia, fungua plagi ya pampu kwenye tangi upime kama moto unafika pale; ukifika na hasi yake ni safi, jibu ni pampu, na kabla ya kuinunua hakikisha kwanza kwamba tangi lina mafuta, maana pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, na kuna watu wameziua kwa kuzijaribu zikiwa kavu.